Mwanamke Aliyeamriwa Kulia

Kazi ya kwanza niliyofundishwa hospitalini haikuwa kudunga sindano wala kupima joto. Ilikuwa kuziba glavu. Ninyi mliobaki wodini, mnaovaa glavu mara moja na kuitupa, mtacheka, lakini miaka ile ya ujamaa glavu ya mpira ilikuwa mali. Baada ya kila upasuaji tuliziosha, tukazijaza maji kuona zinavuja wapi, tukaziba tundu kwa kipande cha glavu iliyozeeka zaidi na ile gundi ya mafundi baiskeli, tukazianika, tukazipaka poda, kisha zikaingia kwenye pipa la mvuke juu ya jiko la mafuta ya taa. Daktari wetu aliwahi kuingia chumba cha upasuaji na glavu yenye viraka vingi kuliko suruali ya mchunga ng'ombe, na mgonjwa alipona.

Nimestaafu juzijuzi tu na bado naamka saa ya zamu. Mume wangu ananiuliza naenda wapi, kwa hiyo nimeona afadhali niketi niandike. Habari za vyeo na mishahara nawaachia wanaozipenda. Kwangu vilichelewa kuja na vikawahi kwisha. Nitawaandikia habari za watu. Na kati ya wagonjwa wote waliopita mikononi mwangu, yuko mmoja ambaye nikiulizwa nilijifunza wapi kuuguza, nitamtaja yeye kabla ya chuo.

Lakini nianze na aliyenipokea. Bi Zainabu alikuwa msimamizi wa wodi ya wanawake, mzaliwa wa Pangani. Mumewe, Fundi Salimu, alikuwa na cherehani kwenye baraza la duka moja mjini Tarime. Siku ya kwanza nilimwamkia Bi Zainabu shikamoo, akaitikia marahaba, kisha akanishika mkono na kuugeuza.

"Sista Gati, kucha hizi ni za kulimia au za kuuguzia?"

Nilikuwa nimetoka Susuni kwa wazazi, msimu wa palizi. Nikasema ni za kulimia. "Basi kazikate," akasema, "halafu urudi tuanze upya." Nilirudi na tukaamkiana tena kana kwamba ya kwanza haikuwapo.

Kiswahili chake kilikuwa laini, changu kilikuwa cha Susuni, kinatembea kama mtu aliyebeba kuni. Alinicheka, ila baada ya wiki chache akaona faida yake. Wagonjwa wetu wengi walikuwa Wakurya na jirani zao, na kina mama wengi hawakujua Kiswahili kabisa. Bi Zainabu akawa haanzi kukagua wodi mpaka nimefika. "Wewe ndiye ulimi wangu," alikuwa akisema, "kwa hiyo usiumwe meno."

Vifaa vilikuwa haba. Nchi yetu ya Mara inalima pamba mpaka magunia yanalala barabarani, na wodini hatukuwa na pamba ya kusafishia kidonda. Bandeji tulizifua, tukazianika kwenye ua wa minyaa na kuzikunja tukipiga soga. Kipimajoto kilikuwa kimoja kwa wodi mbili, na kwetu kilifanya kazi asubuhi tu, maana mchana kilikwenda wodi ya wanaume. Nayasema haya si kwa kulalamika. Nayasema kwa sababu yana sehemu yake katika habari ya Bhoke.

Bhoke alitufikia mwaka ule wa kuhamia vijijini, pamba ikiwa inavunwa. Alikuja kutoka Nyambureti juu ya lori la pamba, ameketi kwenye marobota, mtoto mgongoni, na pembeni yake mama mmoja mzee mwenye kiko mdomoni. Mzee huyo alikuwa Nyangi. Bi Zainabu alimwomba azime kiko kabla ya kuingia. Nyangi alikizima, lakini hakukitoa mdomoni, na kwa muda wote waliokaa kwetu kiko kile kilikuwa pale, kimezimwa, kinatii sheria.

Bhoke alikuwa na uvimbe kwenye ziwa la kushoto, mgumu kama jiwe la mto, na ngozi ya juu yake imevutwa ndani mithili ya kitovu. Alikuwa nao tangu mtoto ana miezi michache. Alidhani ni maziwa yameganda, akawa anaukanda kwa majani ya moto na siagi. Haukuwa unauma, na hilo ndilo lililomchelewesha. Vijana wangu, wafundisheni kina mama jambo hili kila mnapopata nafasi: uvimbe wa ziwa usiouma ndio wa kukimbilia hospitali. Watu wetu huja kwa yale yanayouma, na saratani inalijua hilo.

Daktari wetu wa upasuaji alikuwa kijana wa Mbeya, mrefu hata taa ya chumba cha upasuaji ilikuwa ikimgonga paji la uso, na wodi nzima ilimwita Daktari Mrefu. Alimpima Bhoke taratibu, akapapasa kwapa, akanawa, akasema ziwa lazima liondolewe lote pamoja na tezi za kwapani, na mapema. Kisha akauliza kama wengi walivyokuwa wakiuliza siku zile.

"Mume wake yuko wapi? Nahitaji kuzungumza naye."

Nikatafsiri. Nyangi akajibu, nami nikatafsiri jibu lake kama lilivyo.

"Mume wake hakuzaliwa."

Daktari akanitazama akidhani nimekosea. Nikamweleza. Kwetu mama asiyejaliwa mtoto wa kiume anaweza kutoa ng'ombe akamwoa msichana, kama vile anamwozea mwana ambaye hakumpata. Tunaiita nyumba ntobhu. Watoto atakaowazaa na mwanamume aliyekubaliwa na nyumba ni wajukuu wa mama huyo, na nyumba yake haizimiki. Yeye humwita msichana yule mokamona, mke wa mwanangu, na mwenye sauti juu ya nyumba ile ni yeye. Nyangi alikuwa amefiwa na mume na hakuwa na mwana. Bhoke ndiye aliyekuwa nyumba yake yote.

Nimefanya kazi na madaktari wengi, na najua wangapi wangecheka pale. Daktari Mrefu hakucheka. Alivuta kigoda, akajikunja mpaka macho yake yakawa sawa na ya Nyangi. "Mwambie nimeelewa. Nyumba ni yake. Lakini ziwa ni la Bhoke. Kwa hiyo nitawasikiliza wote wawili, na sitakata mpaka wote wawili wamekubali."

Nyangi alimtazama. "Huyu amelelewa," akaniambia.

Kikwazo kilitoka kwingine. Siku ya pili alifika Marwa, mtoto wa shemeji yake Nyangi, mwanamume wa makamo, ameacha trekta la kijiji kipya likiwa linasomba nguzo. Hakuwa mtu mbaya. Aliogopa, na kwa wanaume wetu woga huvaa nguo za hasira.

"Ziwa likikatwa mtoto atanyonya nini?" akauliza. "Na huyo mwanamke wa ziwa moja watu watamwitaje? Twende naye nyumbani. Yuko mganga anayekausha uvimbe kwa dawa ya kupaka, hakati mtu."

"Marwa," Nyangi akasema, "ng'ombe waliomleta huyu walitoka zizini kwako au kwangu?"

"Kwako, mama."

"Basi kaa chini. Mtoto atakunywa maziwa ya hao waliobaki."

Marwa akakaa. Lakini Bhoke mwenyewe alikuwa hajasema neno, na Bi Zainabu, ambaye hakuelewa Kikurya, ndiye aliyeliona hilo. Akanituma nikamsaidie Bhoke kufua nepi za mtoto pale bombani. "Mtu akiwa na povu mikononi husema," akaniambia.

Tulifua. Nikamuuliza anaogopa nini, nikitegemea aseme kifo.

"Nyumba yangu haijakandikwa," akasema. "Tumehamishwa, tumesimamisha nguzo na paa, kuta ni fito tupu. Mvua ikija mtoto atalala kwenye upepo. Nimesikia mkitoa ziwa mnatoa na mkono."

Nikamwambia mkono utabaki. Nikamwambia pia ukweli, maana Bi Zainabu alikuwa amenionya kwamba uongo wa nesi huoza haraka: mkono utauma, utagoma kupanda juu, na hakuna dawa ya kuurudisha ila yeye mwenyewe kuulazimisha kidogo kidogo. Bila upasuaji, uvimbe utamla mpaka mkono na yeye mwenyewe.

Alisuuza nepi, akaikamua kwa nguvu. "Mkono ukibaki, nitakandika," akasema. "Waambie wakate."

Kabla ya kukata, tulimtengeneza. Damu yake ilikuwa pungufu, macho meupe. Tukampa dawa ya minyoo, vidonge vya damu, maini siku yalipopatikana, na mchicha kila siku. Nyangi aliona mchicha ni chakula cha sungura. Akaagiza nyumbani, na siku ya gulio Marwa akaleta kibuyu cha maziwa yaliyochanganywa na damu ya ng'ombe. Bi Zainabu, Mwislamu mshika dini, aligeuza uso. "Mpe," akaniambia, "lakini si mbele yangu, na kibuyu usikiweke karibu na sufuria zangu." Macho ya Bhoke yakaanza kupata rangi, mchicha ukadai sifa na kibuyu kikadai sifa, nasi hatukuamua ugomvi huo.

Tulimfundisha kuvuta pumzi ndefu na kukohoa huku ameshikilia kifua kwa kiganja. Tulimwosha kwapa na kifua kwa sabuni kila asubuhi. Na jambo moja ambalo sijaliona likifanywa kwingine, ingawa ningependa lifanywe: siku moja kabla, Bi Zainabu alimfunga Bhoke bandeji kifuani, imekaza vilevile itakavyokaza baadaye, akamwacha nayo mchana kutwa, apike nayo, abebe mtoto nayo. "Ili akizinduka asidhani kuna mtu amemkamata," alinieleza. Wengi waliozinduka kutoka kwenye usingizi wa etha walipigana na bandeji. Bhoke hakupigana. Alifungua macho, akajigusa, akalala tena.

Upasuaji wenyewe sina mengi ya kuusemea. Mimi nilikuwa wa kupokea na kukimbia. Daktari Mrefu alikata polepole na kwa unyenyekevu, hakuzungumza, na alipomaliza aliacha ukanda wa mpira wa kutolea maji, tulioukata kwenye kidole cha glavu iliyokwishashindikana kuzibwa. Nyama iliyotolewa tuliipeleka hospitali kubwa ikapimwe. Majibu yalirudi kidonda kimeshapona, yakisema ni saratani, jambo ambalo wakati huo hata mfagiaji alikuwa analijua. Dawa nyingine baada ya kisu hatukuwa nayo. Tulikuwa na kisu, na Mungu.

Sasa nifike mahali penyewe.

Kwetu mtu akipita kwenye kisu cha tohara, hatakiwi kupepesa jicho. Akitikisika, aibu hiyo itaitwa pamoja na jina lake mpaka kwa wajukuu. Kukata wasichana sikuwahi kukupenda na nimepingana nako kazini maisha yangu yote, na ninyi endeleeni pale nilipoachia. Lakini siwezi kuwaeleza Bhoke bila kusema kwamba alifundishwa mapema sana namna ya kulala chini ya kisu. Aliporudi wodini baada ya upasuaji, kwake yeye lile lilikuwa jambo lilelile. Amekatwa. Watu wanamtazama. Asitikisike.

Na hakutikisika. Wanawake wa vitanda vya jirani, waliokuwa wakiugulia jipu tu, walimtazama kwa heshima. "Huyo ni mwanamke," walisema. Kila asubuhi Bi Zainabu alipouliza na mimi nikatafsiri, unaumwa, Bhoke alijibu, "Siumwi, ni mzima." Kipimajoto kilikubaliana naye, kwa sababu homa yake ilikuwa ya jioni na kipimajoto kilikuwa cha asubuhi. Daktari alikuwa ameagiza bandeji isifunguliwe mapema. Kwa hiyo sote tulikuwa na mgonjwa bora kuliko wote wodini, na chini ya bandeji ukanda wa mpira ulikuwa umeziba na usaha unajikusanya kwapani.

Aliyegundua ni Nyangi. Alikuwa akimletea mtoto mchana ili amwone. Siku hiyo mtoto alilia, akamnyooshea mama mikono, na Bhoke hakugeuza kichwa. Aliendelea kutazama ukuta. Nyangi akamkabidhi mtoto kwa jirani, akasimama miguuni pa kitanda, akatoa kiko mdomoni. Ndipo nilipojua kuna jambo.

"Mokamona. Unaumwa?"

"Siumwi, mama."

"Mtoto amelia hukumsikia. Mtu asiyeumwa husikia mtoto wake."

Bhoke akatazama tena ukuta. Jasho lilikuwa limetanda juu ya mdomo wake.

"Mimi nilitoa ng'ombe nikaoa mtu," Nyangi akasema. Sauti yake haikupanda. "Sikuoa gogo. Gogo huchomwa na halilii, na mwisho wake ni majivu. Ulipokuwa msichana ulinyamaza, wakakusifu, basi, deni la kunyamaza ulikwisha kulilipa. Hapa si uwanja wa tohara. Ikiuma, ulie."

"Watasema nimeogopa kisu."

"Waseme. Mwenye nyumba yako ni nani?"

"Ni wewe, mama."

"Basi mwenye nyumba anakuamuru. Lia."

 Niliona taya la Bhoke likitetemeka, likikazwa, likitetemeka tena. Kisha akalia. Sijawahi kusikia kilio cha namna ile. Kilianza chini kama mtu anayesukuma mlango uliokwama, kikafunguka, kikatoka mpaka nje, na watu waliokuwa wakipika kule uani walikimbilia madirishani wakidhani ameaga dunia. Alilia kwa ajili ya kidonda, na nadhani alilia pia kwa ajili ya ziwa, na ya nyumba ya zamani iliyobomolewa, na ya siku ile ya usichana wake. Mimi nililia nikiwa nimesimama na trei mkononi, na sioni haya kuliandika.

Bi Zainabu hakungoja tafsiri. Alifungua bandeji, akaona, akaita daktari. Usaha ulitoka bakuli zima. Daktari Mrefu alibadilisha ukanda, akaagiza penisilini, ambayo kwa bahati ilikuwapo, na jioni hiyo alikuja mwenyewe na kipimajoto alichokichukua wodi ya wanaume bila kuomba ruhusa. "Siku chache zaidi za ushujaa," aliniambia, "tungemzika na sifa zake."

Bi Zainabu alisema, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Kisha akanifundisha kitu ambacho nimekitumia mpaka siku ya mwisho ya kazi, nanyi nawarithisha. Tangu siku ile, kwa mgonjwa wa kwetu hatukuuliza tena, unaumwa? Swali hilo kwa Mkurya ni kama kumuuliza, wewe ni mwoga? Tulisema, nionyeshe mahali ambapo hutaki niguse. Hapo mtu anaweza kuonyesha kwa kidole na heshima yake ikabaki mahali pake. Jaribuni, mtaona.

Kidonda kilipotulia, ilibaki kazi ya mkono. Dawa yake inajulikana: simama mbele ya ukuta, tambaza vidole kupanda juu, kila siku zaidi ya jana. Bhoke alifanya siku moja akaacha.

"Sista, hii ni kazi gani isiyo na kazi? Natambaa ukutani kama mjusi, na nikishuka hakuna kilichofanyika."

Nyuma ya wodi kulikuwa na banda la kupikia la ndugu wa wagonjwa, la fito na udongo, na mvua ilikuwa imebomoa upande mmoja wa ukuta wake. Siku moja, kovu likiwa limeshafunga vizuri, Bi Zainabu alitoka nje akamkuta Bhoke na udongo mpaka kwenye viwiko, anasiriba ukuta, na Nyangi yuko pembeni na ndoo ya samadi mbichi. Sikumbuki kumwona Bi Zainabu akikimbia siku nyingine yoyote. Alimweleza Nyangi habari za pepopunda kwa Kiswahili, kwa ishara na kwa mdomo wangu, vyote kwa pamoja. Nyangi alisikiliza mpaka mwisho. "Ukuta bila samadi utapasuka," akasema.

Wakapatana. Bhoke atasiriba, lakini kwa udongo mtupu, na akimaliza atanawa kwa sabuni mbele ya nesi. Nawaambieni, sijaona tiba ya mkono iliyoizidi ile. Mwanamke anayesiriba hufagia ukuta kwa kiganja, nusu duara, kutoka chini kwenda juu, na kila mpako huacha alama yake. Siku za mwanzo alama za Bhoke ziliishia kiunoni. Kisha zikafika kifuani, zikakaa hapo muda mrefu, naye akawa anatoa machozi wazi wazi huku akisukuma, na akitazamwa na mtu anasema, "Nimeamriwa." Kisha begani. Daktari Mrefu alikuwa akipita kila asubuhi kutazama ukuta kabla ya kumtazama mgonjwa. Siku alama zilipopita juu ya kichwa chake, Bhoke alirudi nyuma akautazama ukuta wote, akaniambia, "Sasa nipeni ruhusa. Wangu unaningoja."

Ukuta ule ulipasuka, kama Nyangi alivyosema. Hatukuuziba kwa miaka mingi. Nadhani hakuna aliyetaka kufuta zile alama.

Kabla hajaondoka, Fundi Salimu alimshonea ziwa la kitambaa, la kuvaa ndani ya sidiria. La kwanza alilijaza pamba, pamba ya Nyambureti yenyewe, likawa jepesi, kila Bhoke akiinama linapanda shingoni. Fundi akafikiri, akaongeza ulezi wa viganja viwili ili lipate uzito, likakaa sawasawa, likaning'inia kama lenzake. Tulipiga vigelegele. Hakuna kati yetu, pamoja na vyeti vyetu, aliyekumbuka kwamba ulezi ni mbegu. Aliponyeshewa na mvua shambani akachelewa kubadili nguo, uliota. Alitufikia siku ya kukaguliwa kovu, akalitoa mbele ya daktari mle chumba cha upasuaji, na vichipukizi vyeupe vinachungulia kwenye mishono.

"Mmenipa kimea," akasema. "Mngeniambia tu, ningekuja na chungu cha pombe."

Daktari Mrefu alicheka mpaka akaigonga taa. Tangu hapo Bi Zainabu alikaanga ulezi kwanza, ndipo mumewe akaushona, na kina mama wengine waliokuja nyuma ya Bhoke walipata maziwa yasiyoota. Si wote waliokuja walipona. Wengi walichelewa kuliko yeye, na tuliwasindikiza tu. Kila mmoja wao nilimsimulia habari ya Bhoke kabla ya kuingia kupasuliwa, na kila mmoja nilimwambia ruhusa ya kulia imeshatolewa na mtu mwenye mamlaka.

Miaka ikapita. Vita ikaja ikaisha, sabuni ikawa ya foleni na sukari ya kusimuliana. Siku moja mimi na Bi Zainabu, ambaye alikuwa karibu kustaafu, tulikwenda Nyambureti na gari la chanjo. Tulikuwa hatujashusha masanduku tuliposikia msiba mtaa wa pili. Tukauliza. Tukaambiwa ni mzee Nyangi, amefariki asubuhi ile, kwa uzee, kiko kikiwa karibu yake.

Tulikwenda. Nyumba niliijua kabla ya kuonyeshwa, kwa kuwa kuta zake zilikuwa zimesiribwa kwa nusu duara zilizopandana mpaka chini ya paa, na samadi ilikuwamo, hapakuwa na ufa hata mmoja. Mtoto aliyekuja mgongoni sasa alikuwa mrefu, amesimama na wanaume upande wa Marwa. Bhoke alikuwa katikati ya uwanja. Kilio nilikitambua kabla sijamwona. Kilikuwa kilekile cha kusukuma mlango.

Wanawake wawili walikuwa wamemshika mabega. Mmoja akamwambia, "Inatosha, Bhoke. Utajiumiza."

"Niacheni," akasema. "Ni yeye aliyesema ikiuma nilie."

Wakamwachia. Akainua mikono yote miwili juu kabisa, juu ya kichwa, wa kushoto sawa na wa kulia, akamlilia.

Bi Zainabu alinishika kiwiko. Kikurya alikuwa hajakijua mpaka siku ile, na hakuniomba tafsiri.

"Umeuona mkono?" akaniuliza.

"Nimeuona, Bi Zainabu."